Boule ya Kijivu na Njia ya Mawese

Bukavu, tarehe 11 aprili 1976

Tonton Barthélemy,

Boule yangu ya kijivu, ule mupira wa bowling wa kilo sita na nusu, namba 4C2716 imechorwa juu ya tundu la kidole gumba, ilitoka nyumbani kwetu Cimpunda Jumamosi tarehe 17 januari 1976, saa mbili na nusu ya asubuhi, ndani ya sakoshi yako. Leo ni siku themanini na tano. Tulipatana siku kumi na ine.

Sasa nakusalimia. Mama akiona nimeanza hivi atasema sikulelewa. Lakini nilikutumia barua mbili zenye salamu mbele, na wewe ulijibu salamu peke yake.

Huku tuko wazima. Mama Agnès, dada yako, goti linamuuma kila mvua, na mvua iko kila siku, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mudogo wangu Jeanine, yule uliyekuja kwa ndoa yake, iko na mimba. Akisikia harufu ya samaki za sambaza anatoka mbio. Mutoto wako Edouard anakula kwetu kila Jumapili, siku ya Mungu, kisha anarudi Ibanda kwa masomo yake. Anakonda kidogo, lakini sahani anaimaliza.

Neno lenyewe ni hili. Mwezi wa desemba klabu yetu ya bowling itatuma watu watano Bujumbura kucheza na klabu ya kule. Watano hao watachaguliwa oktoba. Hakuna mwanamuke amewahi kuingia, na mimi nataka kuingia. Ulichukua boule juu tundu lilikuwa linakwaruza kidole, na ulisema fundi wa atelier, karakana ya kampuni yenu, atalilainisha kwa mashine. Mimi nilikubali. Wewe ndiwe uliyenionyesha namna ya kushika boule nikiwa na miaka kumi na sita, naandika pointi za wazungu kwa Mugiriki mwenye klabu. Ningekataaje?

Harusini kwa Jeanine ulisimama na chupa mukononi ukasema: «Mwanamuke wa boule tatu! Kwani uko na mikono mitatu?» Watu walicheka, na mimi nikacheka. Sasa nakujibu bila pombe.

Njia iko na mbao thelathini na tisa kwa upana, na mita kumi na nane toka mustari mpaka kigingi cha kwanza kati ya kumi vya kuangusha. Mbao hizo zinapakwa mafuta. Pahali mafuta iko mingi, boule inateleza tu, inakataa kupinda. Pahali pakavu, inashika mbao mapema na inapinda mbele ya saa yake. Mukono hauwezi kubadilisha hiyo, ngozi ya boule ndiyo inabadilisha. Ile Nyekundu ni plastiki ngumu, haishiki kitu, inaenda sawa kama padri anayekwenda misa: iko ya njia kavu, na ya kigingi kimoja kilichobaki peke yake kwenye kona. Nyeusi ni mpira mugumu uliong'arishwa, ya katikati. Kijivu ni mpira pia, lakini niliisugua na papier émeri, ile karatasi ya musasa, mpaka ikapoteza mwangaza: inashika hata ndani ya mafuta.

Nimeandika michezo arobaini ndani ya kaye, daftari langu. Siku za mafuta: na Kijivu napata 171, na Nyeusi 148, na Nyekundu 139. Siku za ukavu: Nyekundu 163, Nyeusi 158, na Kijivu 132, inakimbilia kushoto kama mbuzi aliyekata kamba. Unaona? Kila moja iko na siku yake ya kuwa mujinga.

Mugiriki alipoondoka mwisho wa 1973 aliacha boule ishirini na mbili za kuuza. Mabwana wa ofisi walichagua zenye rangi nzuri. Mimi nilienda Jumamosi tatu, nikazijaribu zote ishirini na mbili kwenye njia, nikachukua tatu. Hakuna mutu alinipa. Nataka tatu zangu.

Mupwa wako,
Clémence

(Juu ya bahasha nimeandika Nabintu, juu posta haitaki tena majina ya kizungu. Ndani ningali yule uliyemubatizisha.)


Lubumbashi, tarehe 30 mei 1976

Mutoto wangu mupenzi Clémence,

Salamu nyingi toka kwangu na kwa bibi yangu, tante yako Colette. Barua yako ilifika ikiwa imelowa, lakini hasira ilikuwa kavu kabisa! Tulicheka. Colette alisema: «Huyu angezaliwa mwanaume, angekuwa komisa wa zone, atawale wilaya nzima.» Mimi nikasema hapana, angekuwa mutu wa douane, wa kupekua mizigo mupakani.

Huku baridi imeanza. Mugongo wangu unanikumbusha miaka. Mwambie dada yangu Agnès apake goti mafuta ya moto na aache kupanda Cimpunda na ndoo. Jeanine namubariki. Edouard umuangalie, yule mutoto anasikia haya kuomba kitu.

Juu ya boule: fundi iko kwenye congé, alienda kwao Kasaï, na funguo ya mashine alienda nayo. Uvumilie. Kitu cha mutu hakiozi.

Lakini niseme kama muzee. Sisi tulijifunza na boule moja, ilikuwa na ufa, na tulipiga. Mwenye wake watatu analala na njaa, kwa sababu kila mumoja anafikiri amekula kwa mwingine. Shika moja, ujue tabia yake. Na tena, kwa namna ile njia imekuwa sasa, na mawese inayoganda asubuhi, hata boule kumi hazitakusaidia. Ungepumzika mwaka huu. Kazi ya ofisi unayo, watu wanakuheshimu. Bujumbura haitahama.

Tonton wako,
Barthélemy


Bukavu, tarehe 27 juni 1976

Tonton,

Salamu kwako na kwa tante Colette. Mwambie nimesikia na sijakasirika, komisa wa zone ni kazi nzuri. Goti la mama limepungua. Jeanine sasa anakula, na anakula udongo wa Katana, hataki ingine. Tumeingia miezi ya vumbi.

Mimi natunza copie ya kila barua, ni tabia ya ofisi. Nimesoma ile ya aprili mara tatu. Neno «mawese» haliko ndani.

Ni kweli, lakini si mimi niliyekuambia. Pipa la mafuta ya njia, ile ya Ulaya, liliisha mwezi wa tatu. Citoyen Stanislas, président wetu toka klabu iliponyanganywa Mugiriki ikapewa wenye inchi, alifunga vifungo vyote vya abacost yake, lile koti lisilovaliwa na tai, akasema: «Mafuta tuko nayo hapa hapa! Kwa nini tungoje ya wazungu?» Basi Philémon, mulinzi wa njia, akachemsha mawese, akachanganya na petroli, akapaka. Siku ya kwanza ilingaa kweli. Kesho yake asubuhi tulikuta imeganda juu ya mbao kama mchuzi wa jana kwenye sufuria. Boule ilipita ikasikika pa-pa-pa. Kisha mende zikaja. Tonton, mende zilikula njia! Philémon alikuwa anazifukuza na fagio, na Stanislas anasema: «Usiseme mende, sema wadudu.» Klabu nzima inanukia kama pahali wanauza maharagi.

Lakini mimi nilipima. Asubuhi mbele ya saa tatu mawese imeganda, boule inashikwa: ni siku ya Nyekundu. Saa tano inaanza kulainika: ni ya Nyeusi. Saa nane jua likishapiga bati inayeyuka yote, njia inakuwa kama sabuni: hapo ni Kijivu tu. Na mtihani wa oktoba utakuwa saa tisa. Stanislas amesema saa tisa juu hapo ndipo inangaa.

Kwa hiyo usiniambie habari za wake watatu. Njia moja, siku moja, inageuka mara tatu. Mutu wa boule moja atapata saa moja ya bahati, na zingine atasingizia mukono.

Nina maulizo mawili. Boule iko wapi leo? Na nani alikuambia juu ya mawese?

Clémence


Bukavu, tarehe 15 agosti 1976

Tonton,

Tuko wazima. Mama anauliza kama wewe uko muzima, juu haujaandika. Nilimwambia wazima ndio wanaonyamaza zaidi, alinirushia kijiko.

Siku mia mbili na kumi na moja. Maulizo yale mawili yangali mawili.

Clémence


Lubumbashi, tarehe 12 septemba 1976

Clémence,

Salamu. Unisamehe kuchelewa; Colette alilazwa siku tisa na malaria, mimi mwenyewe nilikuwa napika. Sasa anasimama. Mwambie Agnès asiogope, niko muzima na mwenye kunyamaza, vyote viwili.

Nikuambie ukweli juu ya boule. Fundi alirudi, lakini hakusikia vizuri maneno yangu. Badala ya kulainisha tundu, aliliziba lote na colle, ile gundi, na unga wa mpira. Inafaa kutoboa upya. Unajua tundu linatobolewa kwa mukono wa mutu. Na mukono wako uko Bukavu. Basi kitu kimesimama pale. Hakuna mutu wa kulaumu.

Nimesikia unataka kusugua ile Nyeusi na papier émeri ili ishike kama Kijivu. Usifanye hivyo! Mwangaza wa boule ukishaondoka haurudi. Utabaki na boule mbili mbaya mahali ulikuwa na mbili nzuri. Uniamini, niliangalia boule za Mugiriki miaka kumi na moja mbele ya kuja huku.

Mutu anaweza pia kukaa kwenye banc na kupigia wenzake makofi. Hiyo nayo ni klabu.

Tonton wako


Bukavu, tarehe 17 oktoba 1976

Tonton,

Tunashukuru Mungu kwa tante Colette. Huku Jeanine alizaa tarehe 5, mutoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili; watamwita jina la mama. Mama amesahau goti lake, anacheza.

Mtihani ulikuwa jana.

Niliisugua Nyeusi. Wakati wa kujificha nyuma ya «nimesikia» umepita, Tonton: juu ya kusugua ile boule nilimwambia mutu mumoja tu, mezani kwetu, siku ya Mungu, akiwa anajaza sahani ya pili. Sikutaka kuamini. Nilikaa masaa mawili na nusu na papier émeri ya 240, nikizungusha kidogo kidogo ili nisiache mashimo, na wakati nilimaliza ilikuwa mbaya kuangalia kama ndizi iliyoiva kupita. Ni kweli mwangaza haurudi. Nilijua. Nilihesabu: mtihani ni saa tisa, saa tisa hakuna mutu anahitaji boule ya katikati.

Tulikuwa kumi na mmoja. Edouard, yeye pia ni wa klabu, alifika na sakoshi mupya, akatoa boule ya kijivu.

Nikamwambia: «Nzuri. Umeipata wapi?»

Akasema: «Yaya Clémence, papa alinitumia. Alisema uliniachia juu unayo zingine.»

«Mimi nilisema hivyo?»

«Papa alisema.» Akaangalia viatu.

Nikaomba niishike. Tundu la kidole gumba lilizibwa, pembeni kidogo kuna lingine, pana, la mukono wa mwanaume. Fundi wako alifuta namba, lakini alifuta kwa haraka. Ukigeuza kwenye mwanga unasoma 4C27, na mukia wa 16. Nilimurudishia. Sikupiga kelele. Philémon alikuwa amesimama na fagio lake, alisikia yote, akasema tu: «Acheni mende zihukumu.»

Sasa sikiliza pointi. Mimi na Nyeusi iliyoharibika: 164, 171, 159, jumla 494. Niko wa tatu. Edouard na Kijivu yangu: 150, 148, 161, jumla 459. Yuko wa sita. Tofauti ni 35. Ulimupa boule inayoshika ndani ya mafuta, lakini haukumwambia asimame mbao tano kushoto zaidi na aiache ipinde mwenyewe. Aliitupa sawa, katikati, kama ile moja yako ya zamani yenye ufa. Kila mara iligeuka na kupita pembeni ya kigingi cha kwanza. Mungeniuliza mimi, ningemufundisha. Hamukuniuliza.

Edouard si mubaya. Alikuja kunishika mukono mbele ya watu wote.

Lakini haijaisha. Baada ya kusoma pointi, Stanislas alikohoa, akasema mwanamuke asiye na bwana hawezi kuvuka mupaka na klabu bila ruhusa ya mwanaume mukubwa wa familia, kwa maandishi. Nikamwambia nina miaka thelathini na moja na ninalisha nyumba. Akasema: «Citoyenne, hiyo ni chakula, hii ni mupaka.» Papa alikufa mwaka wa 1961, hakuacha ndugu. Mwanaume mukubwa aliyebaki ni wewe. Nisipoenda, wa sita anapanda kuwa wa tano. Wa sita unamujua.

Karatasi ya ruhusa iko ndani ya bahasha hii. Nimeipiga na machine mwenyewe, mistari mine. Inakosa saini tu.

Clémence


Lubumbashi, tarehe 31 oktoba 1976

Clémence mutoto wangu,

Nilisoma, nikakaa. Colette alisoma, na yeye hakucheka.

Ni kweli. Edouard alikuwa anaandika kila mwezi, anasema kati ya wanafunzi watano wa Ibanda wanaocheza klabuni yeye ndiye wa mwisho, wenzake wanamuchekelea. Baba anafanya nini? Niliona unayo tatu, yeye hana hata moja. Nilisema, ni nyumba moja. Nilikosa kukuambia. Nilifikiri ingekuwa vizuri ukasirikie fundi.

Boule ni ya kwako, mwambie Edouard airudishe. Tutatafuta mutu wa kutoboa. Nimetuma kitenge kwa mutoto wa Jeanine. Tusiruhusu watu wa nje waone damu yetu. Agnès ni dada yangu peke yake, usimwambie.

Tukutane Noeli, tutaongea vizuri tukiwa tumekaa.

Tonton wako anayekupenda,
Barthélemy


Bukavu, tarehe 7 novemba 1976

Tonton Barthélemy,

Salamu kwako na kwa tante Colette. Mushukuru kwa kutocheka. Kitenge kimefika. Mutoto ananyonya vizuri.

Mama anajua. Sikumwambia mimi, Edouard alimwambia, mezani, na siku ile hakumaliza sahani. Mama akasema: «Kaka yangu alikuwa anajua kuiba viazi vitamu pia. Alikuwa anapanga udongo vizuri juu ya shimo.» Halafu akaenda kulala.

Edouard ameirudisha Kijivu. Nimeziba lile tundu kubwa na tambara na colle, kidole changu kinashika kwa shida, lakini kinashika. Kule Bujumbura njia inapakwa mafuta ya kweli na kunafanya joto. Sijui itakuwaje, kwa hiyo nitabeba zote tatu, na Nyeusi vile ilivyo. Kila jioni toka kazini namufundisha Edouard kusimama mbao tano kushoto. Jumatano alipata 168. Mwaka kesho akinishinda atanishinda kwa mukono wake.

Kwa hiyo usiseme tena «nyumba moja». Nyumba moja iko, inajaribu kila jioni. Pahali uliitoboa tunaziba wenyewe.

Umeandika juu ya fundi, juu ya damu, juu ya Noeli. Noeli ni baada ya Bujumbura. Mechi ni tarehe 4 desemba, na wewe unajua kuhesabu, ulinifundisha. Juu ya karatasi yangu ya mistari mine haukuandika neno. Stanislas anatembea klabuni akisema: «Muzee wake hatasaini. Baba gani anasaini kumuzuia mutoto wake mwenyewe?» Amesema hivyo mbele yangu, na Edouard iko pale, na Edouard alitoka nje.

Sikuombi msamaha wako, na wewe haujaomba wangu. Boule nilijichagulia, kazi nilijitafutia, nafasi ya tatu kati ya kumi na mmoja nilijishindia na chombo ulichosema kitaharibika. Kitu kimoja tu kati ya vyote hivi kimewekwa mukononi mwako, na si mimi niliyekiweka.

Barua hii sikuipa posta. Ameibeba Ignace, tunafanya kazi ofisi moja, anapanda ndege ya Jumanne kwa mambo ya kampuni. Atakuja kwako, ataketi, na ana karatasi mbili. Ya kwanza ni ruhusa. Ya pili nimeipiga pia, mustari mumoja: «Mimi Barthélemy, nakataa mupwa wangu Clémence aende Bujumbura, ili mutoto wangu Edouard aende mahali pake.» Saini moja kati ya hizo mbili. Karatasi ya tatu haiko. «Nitafikiri» haina karatasi, na ukinyamaza Ignace ataandika tarehe chini ya ile ya pili, na mimi nitaibandika kwenye ubao wa klabu, pembeni ya 494 na 459, wasome wote wanaojua kusoma.

Ignace anarudi Ijumaa tarehe 26. Komite inafunga liste ya watano siku hiyo, saa sita ya mchana, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni toka saa ine.

Ninaenda, ndiyo ao hapana?

Clémence